Tukingoja Mama wa Siafu

Kijito cha Tauari, 14 Februari 1988

Binti yangu Valdecira,

Mungu akubariki, maana najua umeshaomba baraka kabla hujafungua bahasha. Mimi baba yako ni mzima kama mti wa chuma. Mama yako Eufrásia ni mzima. Kuku ni wazima, ila jogoo mwekundu aliliwa na paka wa msituni, na huyo paka hatarudia tena, ngozi yake iko ukutani. Mto umepanda hadi ngazi ya chini. Samaki wameingia msituni kula matunda, nami nawavua nikiwa nimekaa mlangoni pangu, mguu mmoja ndani ya maji, jambo ambalo nyinyi watu wa Santarém mnalisimulia tu.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Anfrísio mwenye boti alitaka kuniandikia, nikamwambia wewe uza chumvi yako na sabuni. Mkono uliogema mpira tangu ujana hauwezi kushindwa na herufi. Herufi ni mikwaruzo tu, na mimi nimekwaruza miti ya mto huu wote.

Sasa habari yenyewe. Watu wa dawa walikuja. Walikuja na mabomba mgongoni wakitaka kupulizia sumu nyumba yangu. Mkubwa wao ni mwanamke, Bi Iracilda, mfupi, ana miwani, mdomo haufungi. Akatazama juu akasema, "Mzee Deoclécio, paa lako hili la makuti limejaa vinyozi." Unawajua vinyozi, wale kunguni wakubwa bapa wanaoshuka mtu akiwa amelala, wakamnyonya damu usoni, ndiyo maana tukawaita hivyo. Nikamjibu, "Mama, paa lisilo na mdudu ni paa la mbinguni." Akasema, "Wanaleta ugonjwa." Nikasema, "Hata wageni huleta ugonjwa, na bado nimewapa kahawa." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikamweleza polepole kama anavyoelezwa mtoto. Nyumba hii haijaingia sumu tangu niliposimamisha nguzo yake ya kwanza. Nyumba hii hufagiliwa na siafu. Wewe umelelewa humu, unajua. Mama wa siafu akilia pale ukingoni mwa msitu, yule ndege wa kichwa cheusi, mgongo wa kahawia wenye madoa, na ngozi tupu nyekundu kuzunguka jicho, sisi tunatoa kuku, tunafungua milango na masanduku, tunakwenda kukaa kwenye mtumbwi. Siafu wanaingia. Hawaachi mende, hawaachi nge, hawaachi kunguni wala kitoto cha panya. Jioni tunarudi ndani ya nyumba safi kuliko madhabahu. Ukipuliza sumu, siafu watakufa. Siafu wakifa, ndege haji. Ndege asipokuja, nani atanifagilia? Bi Iracilda na miwani yake?

Akaniuliza, "Mara ya mwisho walikuja lini, mzee?"

Nikamwambia watakuja. Hakuna mtu katika mto huu anayemjua ndege yule kama mimi. Wakaondoka na mabomba yao yamejaa vilevile.

Mama yako anakusalimu. Jicho lake la kulia limevimba tangu juzi, limekuwa jekundu la zambarau na halifunguki, ila halimuumi. Nimemwambia sasa yeye mwenyewe amekuwa mama wa siafu, alie basi waje. Amenitupia kijiko. Kwa hiyo yu mzima.

Ni mimi babako,
Deoclécio

&nbsp;

Santarém, 20 Machi 1988

Baba, naomba baraka.

Sisi huku wazima. Mume wangu bado yuko bandarini anapakia magunia. Mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele na anaringa kwa pengo lake kama vile amelinunua. Barua yako imefika jana. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Baba, jicho la mama. Umeliweka mwisho kabisa, baada ya jogoo na samaki, kama mtu anayetaja wingu. Unajua mimi nafua mashuka ya hospitali. Nilikwenda na barua yako kwa nesi mmoja wa wodi ya wanawake, nikamsomea mstari ule tu. Aliacha alichokuwa anafanya. Akasema jicho moja kuvimba bila maumivu, mahali penye vinyozi, hilo ni alama. Kinyozi akishauma hujisaidia palepale, mtu akajikuna usingizini akauingiza ule uchafu jichoni. Ndani ya uchafu mna kidudu kisichoonekana. Kinaingia kwenye damu, kinatafuta moyo. Dawa ipo, baba. Lakini ni dawa ya mwanzo. Moyo ukishaguswa, dawa inakuwa kama kumwita mtu aliyekwisha vuka mto.

Mlete mama na boti hiihii inayokuletea barua. Usingoje nyingine. Na usilale naye chini ya paa hilo hata leo. Mlale kwenye kibanda cha kukaangia unga wa muhogo, kule hakuna makuti. Uniandikie kama ana homa. Usiniandikie habari za paka.

Nilimwona Jurandir. Sisemi zaidi, najua utaichana barua.

Wako akupendaye,
Valdecira

&nbsp;

Kijito cha Tauari, 29 Mei 1988

Binti yangu,

Mungu akubariki wewe na huyo mwenye pengo. Barua yako ilichelewa. Boti ya Anfrísio iligonga gogo ikavunja rafadha yake ya kusukumia maji, ikalala mdomoni mwa kijito hadi mvua zikapungua. Kwa hiyo usiseme sikupanda boti ile. Boti ile yenyewe ilikuwa haipandiki.

Jicho limepona! Nesi wako na aje aone. Limefunguka, linaona, juzi limeniona nikimwaga kahawa. Homa ilikuwapo kidogo, homa ya mto, nani hana homa ya mto. Akipanda ngazi anasimama katikati kupumua, lakini ngazi zile nilizikata kwa kipimo cha miguu yangu, si yake. Unaniambia tusilale chini ya paa. Unataka tulale juu yake? Kibanda cha unga kina moshi, na mama yako na moshi unawajua.

Mimi kila kunapopambazuka nakaa kwenye gogo pale ukingoni namsikiliza ndege. Utaniambia ndege, ndege, lakini nisikilize, maana haya hayamo katika vitabu vya nesi wako. Wasiojua hudhani mama wa siafu anakula siafu. Hali hata mmoja. Anashika kijiti chembamba kilichosimama wima, karibu kabisa na ardhi, juu ya jeshi, anangoja. Panzi anakimbia siafu, mende anakimbia siafu, buibui anakimbia siafu na mayai yake mgongoni, na wote wanakimbilia kwenye mdomo wa ndege. Kuna ndege wakubwa na wadogo, na kila mmoja anajua mahali pake kama wageni wa harusi: mkubwa katikati penye nyama, wadogo pembeni wakiokota makombo, na anayejisogeza anachapwa. Sauti yake ni miluzi inayoshuka, kila mmoja chini ya mwenzake, wa mwisho unakwaruza kama msumeno uliokosa mafuta. Asubuhi, kabla ya lolote, anakwenda kuchungulia kambi. Siafu hawachimbi nyumba, wanashikana miguu chini ya gogo wakawa fundo moja kubwa linalopumua, na malkia wao katikati. Ndege anainamisha kichwa anatazama. Wameamka? Hawajaamka?

Na sasa fahamu hili. Malkia anapotaga, kambi haihami, jeshi halitoki sana, wanakaa tu. Ndiyo sababu wamechelewa. Wanataga. Mimi najua. Wakimaliza kutaga watakuja wengi kuliko zamani, na vinyozi wote wa paa hili watalia, na mama yako atalala usingizi wa mtoto.

Yule Bi Iracilda alirudi. Safari hii hakupanda ngazi. Alisimama chini akasema, "Mzee, huu msitu wako sasa ni kisiwa. Nyuma yako yote ni nyasi. Siafu hawavuki nyasi. Na ile miti ya makuti iliyoachwa peke yake kwenye malisho ndiyo viota vya vinyozi. Giza likiingia wanaona taa yako, wanaruka kuja." Nikamwambia, "Wewe umepata kumwona siafu akikuomba ruhusa ya kuvuka?" Akasema, "Nani aliyekata ule msitu wa nyuma?" Kana kwamba hajui. Nikamwambia kahawa imekwisha.

Huyo uliyemtaja simjui. Nilipata kuwa na mtoto wa kiume. Alichukua msumeno wa mashine akaangusha miti ya babu yake yote, akapanda nyasi za ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hana.

Mama yako anasema ni mzima, hana neno, atakuja huko kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana akamwone mwenye pengo.

Ni mimi babako,
Deoclécio

&nbsp;

Santarém, 3 Julai 1988

Baba, naomba baraka, ingawa nina hasira na sijui kama baraka hukaa nyumba moja na hasira.

Mwanangu ameota jino. Mume wangu aliumia mgongo, amepona. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana imepita. Nilikwenda bandarini na mtoto amevaa gauni la maua. Boti ya Anfrísio ikaja. Wakashuka watu, zikashuka ndizi, akashuka kasuku mmoja kwenye tundu. Mama hakushuka.

Ndege amepata nusu ya barua yako. Mama amepata mistari ya kuhesabika. Na hata hiyo si yake. "Mama yako anasema ni mzima, hana neno." Baba, tangu nizaliwe mama hajapata kusema ni mzima. Ukimwuliza hali husema, "Tunasukuma." Hayo maneno ni yako, umemvika yeye kama shati lako.

Nimemwambia nesi jicho limepona. Akasema uvimbe hushuka wenyewe, hiyo si dawa, kidudu kinabaki. Akaniuliza, "Anapumuaje akitembea?" Nikamsomea habari ya ngazi. Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Nikuulize kitu ambacho Bi Iracilda alikuuliza ukampa maneno badala ya jibu. Nilipokuwa msichana, mama wa siafu alikuwa akilia tukachoka kuhamisha kuku. Nilipoondoka kuolewa, mama alilalamika kwamba nyumba ina mende. Nilipokuja na mtoto mchanga, ulinipeleka ukingoni nikamsikilize, tukakaa asubuhi nzima, ukasema ameamka vibaya leo. Umemsikia lini, baba? Usinieleze anavyokula. Niambie lini.

Nimemwomba Jurandir aje amchukue mama. Ana trekta la kuazima hadi barabarani, na kutoka barabarani kuna lori. Ukimfukuza yeye, umenifukuza mimi.

Valdecira

&nbsp;

Kijito cha Tauari, 11 Septemba 1988

Binti yangu,

Mungu akubariki. Mwambie mwenye pengo kwamba babu yake amempata kobe na anamfuga kwa ajili yake. Mto umekauka, unaweza kuvuka kwa miguu. Barua hii anaileta kaka yako, pamoja na mama yako. Utakapoisoma utakuwa umeshamwona, kwa hiyo sina haja ya kukuambia alivyo.

Jurandir alikuja Agosti. Aliacha trekta kwenye nyasi akaja kwa miguu, akasimama chini ya ngazi, akavua kofia.

"Baba, naomba baraka."

"Baraka nilikupa. Ukaibadilisha kwa nyasi."

"Sikuja kwa habari ya nyasi. Nimekuja kumchukua mama."

"Mama yako anangoja siafu waisafishe nyumba. Nyumba ikisafika atalala, akilala atapona."

"Siafu hawaji, baba."

"Kwa sababu yako!"

"Haya, kwa sababu yangu. Ni mimi. Sasa nimchukue mama?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa kila namna, isipokuwa ule wa mtu kukubali. Nilikuwa na panga mkononi, nilikuwa nachonga kasia, nikabaki nalo tu. Mama yako akasema kutoka kwenye bembea yake ya kulalia, sauti ndogo, "Deoclécio, mimi si nyumba."

Nikamwambia, "Bibi, nipe siku kidogo. Kama hawaji, nitawafuata niwalete mwenyewe."

Akacheka, kisha akatafuta pumzi. "Utawafunga kamba?"

Jurandir akaondoka. Nikamwachia mama yako maji, samaki waliokaushwa na unga, nikamwomba mke wa Anfrísio alale naye, nikavuka malisho ya kaka yako hadi msitu mkubwa wa upande wa pili. Na nilimpata, Valdecira! Usiku nililala kwenye mizizi, alfajiri nikasikia ile miluzi inashuka. Walikuwa wengi. Dume mmoja alikamata panzi, hakumla, akampelekea jike mdomoni kwa adabu kabisa. Chini yao ardhi yote inatembea. Siafu wa zamani, jeshi pana kama uwanja wa kanisa, na wameelekea kwetu. Kwetu hasa! Nikatembea kando yao kama padri kwenye maandamano. Nikawa nasema kwa sauti, Iracilda njoo uone, Jurandir njoo uone.

Wakafika kwenye ukingo. Wa mbele wakagusa ile ardhi ya nyasi, inachoma, jua limeipiga tangu asubuhi. Wakasita. Wa nyuma wakawapanda wa mbele. Kisha wote wakamwagika kushoto na kulia kama maji yaliyokuta ubao, wakageuka, wakarudi walikotoka.

Hilo ningelielewa. Siafu ana miguu, miguu inaungua. Lakini ndege alikuja hadi mti wa mwisho, akashika kijiti, akatazama nyasi. Kutoka pale naliona paa la nyumba yangu. Ungeita mtu ng'ambo angekuitikia. Ana mabawa, Valdecira. Angepiga mabawa mara chache tu angefika. Alikataa ile nyasi kama paka anavyokataa maji. Akageuka akarudi gizani.

Nilikaa pale hadi jua likapoa.

Niliporudi, mama yako alikuwa hawezi tena kulala chali. Alikuwa amekaa, miguu imevimba, anapumua kwa mabega. Mke wa Anfrísio hakunisalimu. Nikaenda kwa Jurandir. Mimi pia sikumsalimu. Nilisema, "Leta trekta."

Mimi nabaki. Kuku hawawezi kukaa wenyewe.

Umeniuliza lini. Usiniulize tena.

Deoclécio

&nbsp;

Santarém, 30 Oktoba 1988

Baba, naomba baraka.

Mama alifariki tarehe tisa, kabla ya jua kuwa kali. Najua Jurandir alimtuma Anfrísio akuambie, lakini nilitaka ulione kwa mwandiko wangu.

Daktari alisema moyo ulikuwa umepanuka kama kitambaa kilichovutwa. Walimpa ile dawa. Walimpa kila kitu, sina wa kumlaumu humu ndani. Nesi yule alikuja hata siku yake ya mapumziko, akamchana nywele. Mwanangu alimwonyesha bibi yake jino, mama akalishika kwa kidole akasema ni la mwizi wa miwa.

Jurandir alikaa sakafuni siku zote hizo. Mama alimwambia ainuke, hakuinuka.

Aliuliza nani anakupikia kahawa. Nikasema unajipikia. Akasema, "Basi anakunywa matope." Nilipokuwa nakusema vibaya, na nilikusema, baba, nilikusema mbele yake, alinishika mkono. "Usimgombeze baba yako. Alikuwa ananingojea kitu kizuri."

Yeye amekusamehe, alikuwa na haki hiyo. Mimi bado. Tumemzika hapa, upande wa juu wa makaburi, mto unaonekana. Wewe ulibaki na kuku.

Shusha lile paa. Waruhusu watu wa dawa. Upimwe damu. Siombi.

Valdecira

&nbsp;

Santarém, 6 Novemba 1989

Baba, naomba baraka.

Mwaka umepita na hujajibu. Anfrísio anasema barua zangu unazipokea, unazitia mfukoni mwa shati bila kuzifungua, na shati unalifua nazo. Hii fungua. Mwezi uliopita ilikuwa misa ya mwaka ya mama. Mwanangu sasa anasoma, anaweza kukusomea mwenyewe ukija. Anauliza habari za kobe.

Valdecira

&nbsp;

Kijito cha Tauari, 18 Novemba 1990

Binti yangu Valdecira,

Mungu akubariki, na mwenye pengo, ambaye najua pengo hana tena. Kobe yupo. Wino ulikuwa umeganda, nimeuamsha kwa mate. Siwezi kusema barua zako hazikufika. Zilifika. Anfrísio ni mwongo kwenye chumvi tu, kwenye barua si mwongo.

Bi Iracilda alinitoboa kidole. Kidudu kimo hata ndani yangu, tena cha zamani, anasema huenda nimeishi nacho tangu nikiwa kijana. Moyo wangu hakikuuweza. Wa mama yako kikauweza. Umenijua mimi ni mtu wa kujisifu, lakini hilo sijapata namna ya kulisema mbele za watu.

Paa nililishusha mwenyewe, nikalichoma lote, vinyozi wakipasuka motoni kama punje za mahindi. Sasa ni mabati. Mvua ikinyesha sisikii hata ninachofikiri, na si hasara. Watu wa dawa wakija nafungua kabla hawajabisha hodi. Mara ya kwanza Bi Iracilda alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. "Mzee, kahawa ipo?" Nikamwambia ipo, ajimiminie. Akaionja, akaiweka chini, akapuliza kuta zote hadi chini ya jiko. Kumbe anaweza kunyamaza.

Kaka yako ameacha ile ardhi. Hakuchoma tena, hakufyeka. Nyasi zimemezwa na vichaka, na sasa imeota ile miti laini inayokua haraka, yenye majani kama miavuli, inapita urefu wa mtu, chini yake kuna kivuli. Hajaniambia kwa nini ameiacha, nami sijamwuliza. Tukikutana kwenye njia tunapishana.

Juzi nilikuwa nakaanga unga. Nikasikia miluzi. Nikasema ni masikio ya uzee. Ikashuka tena, na ile ya mwisho ikakwaruza. Nikaweka kasia la kukorogea unga chini, unga ukaungua. Alikuwa pale kwenye kijiti, upande wa nyuma, kwenye vile vivuli vya Jurandir, na jike lake, na wadogo wengine pembeni. Wamepita palepale walipokataa. Na chini majani yote yanatembea, yanakuja kwangu, jeshi pana kuliko nilivyopata kuona.

Miguu yangu ilijua la kufanya. Nilikuwa nimeshashika kuku wawili makwapani. Nimeshafungua mlango. Nimeshafungua sanduku la mama yako, lile la nguo, likawa wazi mbele yangu.

Nikasimama pale na kuku wangu. Ndani sumu iko kwenye kila ubao, ningewaacha waingie wangekufa wote hadi malkia. Lakini nisikudanganye, si hilo lililonipeleka nje. Nilishuka ngazi nikamwaga majivu ya jiko kuzunguka nguzo zote, na mafuta ya taa juu ya majivu. Siafu wakafika, wakasita, wakamwagika kushoto na kulia. Ndege akawa analia juu yao, anawaita, anashuka na miluzi yake, hajui kwa nini hawaingii. Nikaokota jiwe. Nikampigia kelele, mwanangu, nilivyompigia sijapata kumpigia mtu. "Umekuja kumsafishia nani? Nani yuko humu? Umekuja kumsafishia nani?"

Nilimrushia mawe hadi mkono ukakataa. Sikumpata. Alikuwa anahama kijiti kimoja hadi kingine, anarudi, jicho lake jekundu lile linanitazama. Jirani wa chini ya mto alikuja akidhani nimevamiwa. Akanikuta nimekaa katikati ya majivu. Akaniuliza, "Mzee Deoclécio, ni nini?" Nikasema ni ndege tu.

Leo asubuhi wamepita, wamekwenda upande wa kijito. Sijui kama watarudi. Nimefunga sanduku. Nguo zake sikuzigusa, zina harufu ya moshi wa unga, njoo uzichukue wewe na mtoto, mimi siwezi kuzileta.

Mwambie kaka yako asiifyeke ile ardhi. Mwambie wewe.

Deoclécio